Pío del Río-Hortega: Mhispania aliyewatambua walinzi wa ubongo

Katika hospitali za Uganda, Malawi, Zimbabwe na nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kusini, hufika wagonjwa wenye kichwa kinachouma kwa majuma kadhaa, shingo iliyokakamaa na macho yanayoona kwa ukungu. Wengi wao wanaishi na virusi vya Ukimwi, na kinga ya miili yao imeshuka sana. Maji ya uti wa mgongo yanapopimwa, adui anayeonekana huwashangaza jamaa zao. Si bakteria wala kirusi. Ni fangasi, kiumbe wa ukoo mmoja na hamira ya kuumulia mkate. Fangasi huyo, aitwaye kriptokokasi, hukaa udongoni na katika kinyesi cha njiwa. Huingia mapafuni kwa pumzi, na mwili ukiwa dhaifu husafiri kwa njia ya damu hadi kichwani, akaleta homa ya uti wa mgongo ambayo isipotibiwa huua.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka mia moja. Ngozi ina walinzi wake, damu ina chembechembe zake nyeupe. Je, ubongo, uliofungiwa ndani ya fuvu, unalindwa na nani? Mtu wa kwanza kuwaona walinzi hao bayana, kuwapa jina na kueleza mwenendo wao alikuwa daktari wa Hispania aitwaye Pío del Río-Hortega. Aliwaona mwaka 1919, akaipoteza kazi yake mwaka uliofuata, na robo karne baadaye akafa uhamishoni, ng'ambo ya bahari.

Daktari wa kijijini arudi darasani

Río-Hortega alizaliwa tarehe 5 Mei 1882 katika mji mdogo wa Portillo, ulio juu ya kilima katika mkoa wa Valladolid, katikati ya uwanda mkavu wa Castilla. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Valladolid na kuhitimu mwaka 1905. Kama walivyofanya vijana wengi wa wakati ule, alirudi kwao kuwa tabibu wa wenyeji. Alitibu homa, majeraha na uzazi, lakini moyo wake haukuwa katika kazi hiyo. Ulikuwa umebaki chuoni, kwenye hadubini, alikoonyeshwa na mwalimu wake, Leopoldo López García, namna nyama ya mwili inavyokatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, ikatiwa rangi na kusomwa.

Haukupita muda mrefu akauacha utabibu wa kijijini na kurudi kwenye maabara. Mwaka 1908 alipata shahada ya udaktari wa falsafa mjini Madrid kwa utafiti juu ya uvimbe wa ubongo. Mwaka 1913 alipewa ufadhili wa serikali wa kwenda kusoma nje, akapita Paris, Berlin na London. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, safari hiyo ilikatika, naye akarejea Hispania.

Huko Madrid alipokewa katika maabara ya Nicolás Achúcarro, daktari kijana aliyewahi kufanya kazi mjini Munich pamoja na Alois Alzheimer, yule ambaye jina lake limebaki katika ugonjwa wa kusahau uzeeni. Achúcarro alimpa Río-Hortega meza, hadubini na, zaidi ya hayo, moyo wa kuthubutu. Lakini Achúcarro mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alifariki mwaka 1918 akiwa bado hajafika miaka arobaini, akimwacha mwanafunzi wake na kazi iliyokuwa imefika njiani tu.

Elementi ya tatu

Ili kufahamu alichokifanya Río-Hortega, yafaa kwanza kujua elimu ya ubongo ilikuwa imefika wapi. Mtawala wa taaluma hiyo alikuwa Mhispania mwenzake, Santiago Ramón y Cajal, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906. Cajal ndiye aliyeonyesha kwamba ubongo umeundwa na seli nyingi zinazojitegemea, ziitwazo neuroni, ambazo hupelekeana habari. Hiyo ilikuwa elementi ya kwanza. Elementi ya pili ilikuwa seli zenye umbo la nyota, astrosaiti, zinazoshikilia na kulisha neuroni. Cajal alizionyesha vizuri mwaka 1913 kwa rangi iliyotengenezwa kwa dhahabu.

Lakini kati ya neuroni na nyota hizo palikuwa na kundi jingine. Chini ya hadubini zilionekana kama vidoa vya mviringo, bila matawi na bila umbo la kueleweka. Cajal aliziita elementi ya tatu, akaziacha hapo. Rangi yake ya dhahabu haikuweza kuzifunua zaidi, na kwa kuwa hazikuonyesha matawi, wengi waliamini kwamba hazina.

Río-Hortega alishuku kwamba kasoro ilikuwa katika rangi yenyewe. Alijaribu michanganyiko mingi, akibadilisha kipimo cha dawa, joto na muda. Mwaka 1918 alifikia njia yake ya kaboneti ya fedha. Kipande cha ubongo kilihifadhiwa kwanza katika dawa ya formalini iliyotiwa bromidi, kikakatwa vipande vyembamba sana kikiwa kimegandishwa, kisha kikatumbukizwa katika maji yenye chumvi ya madini ya fedha. Fedha hiyo ilinata kwenye seli fulani na kuziacha nyingine, na formalini ilipotiwa tena, fedha ikageuka kuwa nyeusi. Pale palipokuwa na vidoa, sasa yakaonekana maumbo kamili.

Mwaka 1919 alichapisha mfululizo wa makala nne katika jarida la chama cha biolojia cha Hispania. Ndani yake alieleza kwamba ile iliyoitwa elementi ya tatu ilikuwa kweli jamii mbili tofauti za seli. Moja kati ya hizo aliipa jina la mikroglia.

Mlinzi anayebadilika sura

Mikroglia, kwa maelezo yake, ni seli ndogo zilizotawanyika katika ubongo mzima na katika uti wa mgongo. Katika ubongo mzima wa afya, kila moja ina mwili mwembamba na matawi mengi yaliyopindapinda, yenye vijimiiba, kama kichaka cha mchongoma. Kila moja ina eneo lake, na haiingilii la jirani yake.

Sura hiyo hubadilika pindi ubongo unapodhurika. Río-Hortega aliujeruhi ubongo wa wanyama wa maabara, kisha akauchunguza baada ya saa, baada ya siku na baada ya majuma. Aliona matawi yakifupika na kuwa manene, mwili wa seli ukivimba, na hatimaye seli ikawa ya mviringo, isiyo na tawi hata moja, ikisogea kuelekea kwenye jeraha. Ilipofika ilimeza mabaki ya seli zilizokufa na chembechembe za damu iliyomwagika. Kazi ikiisha, mandhari ya ubongo ilirudi taratibu katika utulivu wake.

Jambo la pili alilolieleza lilihusu asili ya seli hizo. Neuroni na astrosaiti hutokana na tabaka la kiinitete linalofanya ngozi na mishipa ya fahamu. Mikroglia, alisema, ni wageni. Hutokana na tabaka la kati, lile linalozaa pia damu, na huhamia ndani ya ubongo mapema katika maisha ya kiumbe, kisha wakafanya makazi humo. Wataalamu wengi walilikataa wazo hilo kwa miongo kadhaa. Waliona ni vigumu kusadiki kwamba kiungo kilichojitenga namna ile kinaweza kulindwa na seli zilizotoka mahali pengine.

Ugomvi na mwalimu mkuu

Mtu angetarajia kwamba ugunduzi wa namna hiyo ungepokewa kwa shangwe katika jengo lile lile ulikofanyika. Haikuwa hivyo. Maabara ya Río-Hortega ilikuwa chini ya dari moja na ya Cajal, na Cajal hakufurahi kuona elementi yake ya tatu ikigawanywa na kupewa jina na mtu mwingine. Alikubali kwamba mikroglia wapo, lakini aliandika kwamba daktari wa Uskochi, William Ford Robertson, alikuwa amewaona kabla. Río-Hortega alijibu kwamba seli alizozieleza Robertson, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za jamii nyingine.

Hoja za kitaalamu zikachanganyika na maneno ya kichinichini. Baadhi ya wenzake walipeleka habari kwa mzee, na habari zilizopelekwa hazikuwa za kupatanisha. Cajal alikuwa amezeeka, akiugua, na hakuwa na subira. Mwaka 1920 alimwondoa Río-Hortega katika maabara.

Kuondolewa huko kungeweza kuwa mwisho wake. Katika Hispania ya wakati ule, kukosana na Cajal kulikuwa sawa na kukosana na sayansi yenyewe. Lakini bodi ya serikali iliyosimamia utafiti ilimpa chumba katika Residencia de Estudiantes, nyumba mashuhuri ya wanafunzi mjini Madrid, ambako siku hizo waliishi pia mshairi Federico García Lorca, mchoraji Salvador Dalí na mtengenezaji filamu Luis Buñuel. Chumba kilikuwa kidogo, na vifaa vilikuwa vichache. Mwaka uliofuata, 1921, aliieleza kwa ukamilifu ile jamii ya pili ya seli, ambayo aliiita oligodendroglia. Leo inajulikana kwamba ndizo zinazofunika nyuzi za neuroni kwa ala ya mafuta ili ujumbe upite upesi.

Cajal na wengine walizitilia shaka seli hizi pia. Mwaka 1924 alifika Madrid daktari kijana mpasuaji wa ubongo, Wilder Penfield, ambaye baadaye alianzisha taasisi mashuhuri ya ubongo mjini Montreal, Kanada. Alikuwa amesoma makala za Río-Hortega na kutambua kwamba rangi za mabwana wa London na New York hazikuweza kuonyesha alichokuwa akikionyesha Mhispania huyo. Alikaa miezi kadhaa katika chumba kile, akijifunza hatua baada ya hatua, kisha akathibitisha kwa macho yake kwamba oligodendroglia wapo. Kupitia kwake habari zikafika katika ulimwengu wa lugha ya Kiingereza. Mwaka 1932 Penfield alipohariri kitabu kikubwa juu ya seli za mfumo wa fahamu, sura ya mikroglia aliandikiwa na Río-Hortega.

Kwa Cajal, uhasama ulipungua kadiri miaka ilivyopita, ingawa ukaribu wa awali haukurudi. Cajal alifariki mwaka 1934.

Vita na uhamisho

Katika miaka hiyo sifa za Río-Hortega zilikuwa zimevuka mipaka. Alialikwa kufundisha katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kusini. Alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mwaka 1929, na tena mwaka 1937, bila kuipata. Alipewa pia kuongoza taasisi ya taifa ya saratani mjini Madrid, ambako alipanga upya aina za uvimbe wa ubongo kwa kufuata seli zinazouzaa.

Mwezi Julai 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, na kabla mwaka haujaisha Madrid ilikuwa imezingirwa. Río-Hortega, aliyekuwa upande wa Jamhuri, aliondoka mjini pamoja na wanasayansi wengine waliohamishiwa Valencia. Kutoka hapo alikwenda Paris, akafanya kazi na daktari mpasuaji Clovis Vincent, kisha Oxford, Uingereza, alikopokewa na Hugh Cairns na kuchunguza uvimbe wa wagonjwa wake. Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunukia shahada ya heshima. Heshima hiyo, hata hivyo, haikuweza kumrudishia nchi. Jamhuri ilishindwa mwaka 1939, na kwa watu wa aina yake mlango wa Hispania ulifungwa.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza Ulaya, alivuka bahari ya Atlantiki. Mwaka 1940 alifika Buenos Aires, Argentina, ambako taasisi ya utamaduni ya Wahispania waishio huko ilimjengea maabara ndogo. Aliandamana na mwenzi wake wa miaka mingi, Nicolás Gómez del Moral. Alikusanya wanafunzi wapya, akawafundisha njia ya kaboneti ya fedha kama alivyowafundisha wageni wa Madrid, na mwaka 1942 akaanzisha jarida la kitaalamu. Alikuwa anaanza tena, akiwa na umri wa miaka sitini.

Hakupewa muda mrefu. Saratani, ugonjwa aliousoma kwa miaka mingi, ilimpata mwenyewe. Alifariki Buenos Aires tarehe 1 Juni 1945, majuma machache baada ya vita vya Ulaya kumalizika. Mifupa yake ilibaki Argentina kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1986, demokrasia ikiwa imerudi Hispania, ilirejeshwa na kuzikwa Valladolid, katika sehemu waliyotengewa watu mashuhuri wa mji huo.

Wazo lililosubiri

Baada ya kifo chake, mikroglia hawakusahaulika kabisa, lakini waliwekwa pembeni. Wengi waliwahesabu kuwa wafagiaji tu wa mabaki. Njia ya fedha ilikuwa ngumu, ilihitaji mkono wa fundi, na walioijua vizuri walikuwa wachache.

Vyombo vipya ndivyo vilivyowarudisha uwanjani. Mwaka 2005 watafiti waliweza kutazama mikroglia ndani ya ubongo wa panya aliye hai, kupitia dirisha dogo katika fuvu. Waliona kwamba ile hali iliyoitwa ya mapumziko haina mapumziko: matawi hurefuka na kufupika bila kukoma, yakipapasa kila pembe ya jirani yake, na mshipa mdogo wa damu ukipasuka, matawi ya karibu huukimbilia mara moja. Mwaka 2010 uchunguzi mwingine wa panya ulionyesha kwamba mikroglia hutokana na seli za awali za mfuko wa kiiniyai, mahali ambapo damu ya kwanza ya kiumbe hutengenezwa, na kwamba huingia kwenye ubongo kabla ya kuzaliwa. Wageni aliowaeleza Río-Hortega walikuwa wageni kweli, ingawa walifika mapema kuliko alivyodhani.

Mlinzi na fangasi

Hapa ndipo tunaporudi kwenye ugonjwa tuliouanza. Kama mikroglia ni walinzi, hufanya nini fangasi anapoingia?

Jibu linategemea fangasi ni nani. Mwaka 2019 watafiti wa Houston, Marekani, waliwaingizia panya kiasi kidogo cha kandida katika damu. Kandida ni fangasi anayeishi kwa kawaida katika kinywa na matumbo ya watu wengi bila kuwadhuru. Aliufikia ubongo wa panya hao. Mikroglia na astrosaiti walijikusanya kumzunguka, wakajenga kijivimbe kama ukuta wa boma, na ndani ya siku kumi hivi fangasi alikuwa ameondolewa. Katika siku hizo panya walionyesha udhaifu mdogo wa kumbukumbu, ambao ulipona baada ya fangasi kwisha. Mlinzi alifanya kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa na gharama yake.

Kriptokokasi ni adui wa namna nyingine. Amejifunika koti nene la sukari linaloteleza mikononi mwa walinzi, na hata akimezwa anaweza kuendelea kuishi ndani ya tumbo la aliyemmeza. Mwaka 2023 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio ya panya yaliyowashangaza wengi. Baadhi ya fangasi walikutwa ndani ya mikroglia wenyewe, na panya walioondolewa mikroglia walikuwa na fangasi wachache zaidi ubongoni katika siku za mwanzo. Mlinzi peke yake, bila msaada wa askari wengine wa kinga kutoka kwenye damu, aligeuka kuwa maficho ya mwizi.

Wasaidizi hao, hasa aina ya chembechembe nyeupe ziitwazo CD4, ndio wanaowapa walinzi nguvu ya kuua walichokimeza. Na hao ndio wanaoangamizwa na virusi vya Ukimwi. Ndiyo sababu watu wenye kinga timamu huvuta kriptokokasi kwa pumzi na wasiugue, huku mwenye kinga iliyoporomoka akilazwa.

Hata hivyo, kuirudisha kinga kwa haraka nako kuna hatari zake. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa wa homa hii walioanza dawa za kufubaza virusi majuma mawili ya mwanzo, na wale waliosubiri majuma matano hivi wakati fangasi akitibiwa. Baada ya majuma 26, asilimia 45 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 30 ya kundi la pili. Katika kundi la kwanza chembechembe za kinga ziliongezeka zaidi kwenye maji ya uti wa mgongo. Kuizima kinga nako hakukusaidia: majaribio ya dawa ya kupunguza uvimbe, deksamethasoni, yaliyofanywa Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwamo, yalisimamishwa kwa kuwa hayakuokoa maisha na yaliwaletea wagonjwa madhara zaidi.

Tiba iliyopiga hatua ni ya kumshambulia fangasi mwenyewe. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa nchi tano: Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Dozi moja kubwa ya dawa ya amfoterisini iliyofungwa katika vijifuko vya mafuta, ikiambatana na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku kumi na nne, ilifaa sawa na tiba ya zamani ya sindano za siku saba, na ilikuwa na madhara machache. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka huo huo. Lakini hata kwa tiba hiyo, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alifariki ndani ya majuma kumi. Makadirio ya mwaka 2020 yanaonyesha kwamba duniani kote homa hii ilihusika na vifo vya watu wapatao 112,000 kwa mwaka miongoni mwa wenye VVU, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara.

Takwimu hizo zaonyesha kwa nini seli alizozipaka fedha daktari wa Castilla bado zinatafitiwa. Walio katika maabara leo wanataka kujua ni lini mikroglia humuua fangasi, ni lini humfadhili, na ni kwa njia gani mlinzi anaweza kusaidiwa bila kuichoma nyumba anayoilinda. Kwa msikilizaji mwenye VVU, au mwenye ndugu aliye na VVU, lililo muhimu kwa sasa ni jepesi zaidi: kuumwa kichwa kusikokwisha, pamoja na homa au shingo ngumu, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo; kipimo cha damu cha kriptokokasi kipo na hutoa jibu kwa dakika chache; na dawa za kufubaza virusi zisiachwe wala kubadilishwa bila ushauri wa daktari.

Río-Hortega mwenyewe hakuishi kuuona Ukimwi, wala dawa yoyote ya kutibu fangasi wa ubongo; amfoterisini ilipatikana katika miaka ya 1950, yeye akiwa tayari kaburini Buenos Aires. Alichoacha ni majina mawili, njia moja ya kutia rangi, na michoro aliyoichora kwa mkono wake ambayo bado inaonekana katika vitabu. Katika michoro hiyo mikroglia wamesimama kila mmoja mahali pake, matawi yamenyooshwa pande zote.